Mvua kubwa za Masisi na Walikale: jinsi zinavyokomaa

Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha wilayani Kalehe, Kivu ya Kusini. Mito ilifurika ikabeba nyumba za Bushushu na za Nyamukubi, ambako ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa. Kwetu Mpofi, kati ya Masisi na Walikale, tunaishi chini ya mawingu ya namna ile ile.

Mvua hiyo huanzaje? Mchana jua hupasha milima joto. Hewa yenye unyevu kutoka msitu wa Kongo hupanda mitelemko, hupoa, hugeuka mawingu. Jioni mawingu hayo huungana na kuwa kundi moja, ambalo linaweza kufunika mamia ya kilomita. Mara nyingi husafiri usiku kuelekea magharibi, upande wa Walikale.

Satelaiti za Meteosat hupiga picha ya Afrika kila dakika 10 au 15. Hupima joto la kilele cha wingu: kilele kikizidi kuwa baridi, wingu limepanda juu zaidi. Satelaiti ya TRMM (1997-2015) ilihesabu radi pia, na Sake, hapa Masisi, ni kati ya mahali 10 penye radi nyingi zaidi duniani.

Lakini satelaiti haioni nyumba iliyo kando ya mto. Katika Luka 12:54 Yesu anataja wingu la magharibi. Kwetu mara nyingi hutoka mashariki, milimani. Wapendwa, ngurumo zikisikika huko juu jioni, tusilale bondeni. Maji hufika hata pale ambapo mvua haijanyesha.