Brenda Fassie: Binti wa Langa aliyelichezesha bara

Katika kumbi za harusi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kuna wimbo ambao MC hana haja ya kuutambulisha. Kinanda kikilia tu, wazee wanainuka vitini, mashangazi wanajifunga khanga viunoni, na bibi harusi anasahau kwamba aliusiwa atulie. Wimbo huo ni Vuli Ndlela, na mwenye sauti ni Brenda Fassie wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 2004. Wengi wanaoucheza hawaelewi maneno yake, lakini hawajakosea kuupeleka ukumbini. Ni wimbo wa mama anayewataka majirani wapishe njia kwa kuwa mwanawe anaoa.

Maisha ya Brenda yanafaa kusimuliwa upya kwa sababu yanagusa swali linalowasumbua wanamuziki wetu hadi leo: uimbe kwa lugha gani ili ufike mbali?

Kutoka Langa hadi Soweto

Alizaliwa Novemba 3, 1964 huko Langa, kitongoji kikongwe cha Waafrika mjini Cape Town, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto tisa. Jina lake lilitokana na Brenda Lee, mwimbaji wa Marekani. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka miwili. Mama yake, Sarah, alikuwa mpiga piano, na binti alianza kuimba angali mtoto mdogo, mama akipiga, watalii wakitoa chochote walichonacho. Kazi ya jukwaani aliijulia hapo: kumsimamisha mpita njia na kumfanya asiondoke.

Mwaka 1981 mtayarishaji wa muziki Koloi Lebona alimsikia, akamchukua kwenda Soweto. Brenda alikuwa na miaka 16. Alianzia katika kundi la kina dada lililoitwa Joy, akishika nafasi ya mwimbaji aliyekuwa katika likizo ya uzazi. Baadaye akawa kiongozi wa Brenda and the Big Dudes, na mwaka 1983 wakatoa wimbo wa Weekend Special, utunzi wa Melvyn Matthews.

Usikilize leo utaona kwa nini ulishika. Besi inatembea kwa madaha, vinanda vya umeme vinang'aa juu yake, kisha inaingia sauti ya msichana aliyechoka kuwa mpenzi wa mwisho wa wiki, anayekumbukwa Ijumaa usiku na kusahaulika Jumatatu. Analalamika, lakini mdundo haumruhusu akae chini. Malalamiko na dansi katika pumzi moja: hiyo ndiyo ilikuwa alama ya Brenda.

Muziki wa aina hiyo, uliojengwa kwa sinthesaiza na ngoma za mashine, waliuita bubblegum, yaani bigijii, kitu cha kutafuna na kutema. Jina hilo halikuutendea haki. Serikali ya ubaguzi iliwagawa Waafrika hata hewani: shirika la utangazaji la taifa, SABC, lilikuwa na stesheni yake kwa Wazulu, yake kwa Waxhosa, yake kwa Wasotho. Wimbo wa dansi wenye Kiingereza chepesi uliweza kuruka kuta hizo na kuwakutanisha vijana wa vitongoji vyote kwenye sakafu moja.

Dansi lenye la kusema

Katika miaka ya mwisho ya 1980 Brenda alianza kufanya kazi na mtayarishaji Sello "Chicco" Twala. Hapo muziki wake ukapata uzito bila kupoteza mdundo. Too Late for Mama unamsimulia mama anayekwenda kuchota maji akiwa na mtoto mgongoni, akapigwa na radi njiani. Watu waliucheza, na walijua wanacheza msiba wa vijiji vyao.

Chicco mwenyewe aliwahi kumwimba Mandela kwa kumficha chini ya jina la Manelo, ili wakaguzi wasimnase. Brenda hakuficha. Mwaka 1990 alitoa Black President, wimbo uliomsimulia Nelson Mandela, mfungwa aliyestahili kuwa rais, miaka minne kabla Mandela hajaapishwa. Serikali iliupiga marufuku.

Kuanguka

Sifa zilikwenda sambamba na maumivu. Ndoa yake ya mwaka 1989 ilivunjika mwaka 1991. Kokeini ilimteka, akawa anakosa maonyesho na kuwakera mapromota. Alitamka hadharani kuwa anapenda wanawake, katika jamii ambayo watu wengi walilificha jambo hilo. Mwaka 1995 alikutwa hotelini Johannesburg pamoja na mwili wa mpenzi wake, aliyekufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Aliingia katika matibabu ya kuachana na dawa hizo, na wengi waliamini kwamba habari yake imekwisha.

Kurudi kwa lugha ya nyumbani

Mwaka 1997 alirudi kwa Chicco wakatoa albamu ya Memeza. Safari hii alitegemea zaidi lugha za nyumbani. Ubaguzi ulikuwa umeondoka, na hakukuwa tena na sababu ya kukwepa kuta za redio. Katika Vuli Ndlela, wimbo wa albamu hiyo, anaongoza, kwaya inajibu, kama inavyofanyika katika harusi na makanisa ya kwao, huku kinanda na ngoma vikiwa vya klabu za usiku. Memeza ikawa albamu iliyouzwa zaidi Afrika Kusini mwaka 1998. Nomakanjani ya mwaka 1999 ikafuata, na yenyewe ikavuka mipaka hadi kwetu.

Mwaka 2001 jarida la Time la Marekani lilimwita Madonna wa vitongoji. Sifa hiyo ilimpunguza. Madonna hakulazimika kuimbia watu waliokatazwa kukaa mji mmoja na wenzao.

Aprili 26, 2004 alianguka nyumbani kwake Buccleuch, kaskazini mwa Johannesburg. Nelson Mandela, Winnie Mandela na Rais Thabo Mbeki walikuwa miongoni mwa waliofika hospitalini kumjulia hali. Awali ilisemwa ni pumu, baadaye uchunguzi ukataja kokeini. Alifariki Mei 9 akiwa na miaka 39, akamwacha mwanawe, Bongani. Mwaka 2006 sanamu yake ya shaba, kazi ya Angus Taylor, iliwekwa Newtown, Johannesburg. Ameketi mbele ya maikrofoni, na pembeni pana kigoda kitupu kwa anayetaka kukaa naye.

Kiingereza kilimpa Brenda jina nyumbani kwao, lakini kilichompa bara zima ni lugha za mama yake na kitongoji chake. Leo vijana wetu wanacheza amapiano ya Afrika Kusini usiku kucha na hakuna anayedai tafsiri, na wasanii wa Johannesburg hawaoni haja ya kubadili lugha ili wapendwe Dar es Salaam. Brenda alishathibitisha hilo miaka mingi kabla yao. Mwanamuziki wa Kiswahili anayeshawishiwa kuacha lugha yake ili auze nje na aisikilize Memeza kwanza.