Mbio za Wasichana katika Nyanda za Juu za Bonde la Ufa

Historia ya wanawake na riadha katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya haianzii kwenye miili iliyozoea kukaa, kwa kuwa mwanamke wa Kikeiyo, wa Kinandi au wa Kipokot alikuwa akipanda na kushuka miteremko tangu alfajiri, akiwa na maji au mzigo wa kuni mgongoni. Alichokosa ni wakati wake mwenyewe na ruhusa ya kuutumia. Riadha, yaani mashindano ya kukimbia, kuruka na kutupa, ilienezwa na utawala wa kikoloni kupitia shule, jeshi, polisi na magereza, taasisi ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa za wanaume, hivyo mvulana mwenye mbio aliweza kupata ajira kwa miguu yake, ilhali dada yake alisubiri kuolewa.

Kizuizi hicho hakikuwa cha kijijini peke yake. Baada ya Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam ya 1928, wakuu wa michezo duniani waliziondoa mbio za mita 800 za wanawake kwa madai kwamba mwili wa kike hauzihimili, na hazikurejeshwa hadi 1960. Kenya ilipopeleka wanawake kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Mexico City mwaka 1968, wanariadha hao watatu, Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire, walikuta kwamba mita 800 ndizo mbio ndefu kuliko zote walizoruhusiwa wanawake, wakati katika michezo hiyohiyo mwanamume wa Kenya, Naftali Temu, alitwaa dhahabu ya mita 10,000. Marathoni, mbio za barabarani za zaidi ya kilomita 42, iliwasubirisha wanawake kwenye Olimpiki hadi 1984.

Mwaka 1973 msichana wa shule, Sabina Chebichi, alikimbia katika mashindano akiwa pekupeku na amevaa petikoti, vazi la ndani la kuvaliwa chini ya gauni, na magazeti yakamwita binti mfalme wa petikoti. Jina hilo lilipendeza wasomaji, lakini vazi lenyewe lilisema jambo zito zaidi: msichana wa kijijini hakuwa ameandaliwa hata kaptula ya kukimbilia. Mwaka uliofuata, huko Christchurch, alipata shaba ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kisha Kenya ikasusia Olimpiki za 1976 na 1980, na kizazi chake kikakosa jukwaa kubwa kuliko yote.

Mageuzi ya kweli yalikuja pale mbio za barabarani zilipoanza kulipa. Tegla Loroupe, mzaliwa wa Pokot Magharibi aliyekuwa akikimbia takriban kilomita 10 kwenda shuleni na ambaye baba yake aliona kukimbia hakumfai mwanamke, alishinda marathoni ya New York mwaka 1994, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Miaka miwili baadaye Pauline Konga alitwaa fedha ya mita 5,000 huko Atlanta, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kenya. Zawadi za fedha zilipoanza kununua mashamba na ng'ombe, wazazi wengi waliokuwa wakikataza walianza kuruhusu.

Hata hivyo ruhusa haikuondoa kazi za nyumbani. Katika kambi, yaani makazi ambamo wakimbiaji huishi na kufanya mazoezi pamoja, mara nyingi wanawake walitarajiwa kuwapikia na kuwafulia wanaume baada ya kukimbia nao. Ndiyo sababu kambi aliyoianzisha mwanariadha Lornah Kiplagat huko Iten, yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, iliwalenga wasichana kwanza: walipewa chakula, malazi na muda wa kupumzika, na kupumzika ni nusu ya mazoezi.

Mwaka 2008 Pamela Jelimo alileta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa wanawake wa Kenya, miaka 40 baada ya Mexico City. Lakini ruhusa iliyopatikana kwa njia hii ni ya mwenye matumaini ya kushinda. Mama wa kijiji hichohicho asiyetarajia zawadi yoyote bado hajatengewa saa ya kukimbia kwa ajili ya afya yake, na hilo ni deni ambalo medali hazijalilipa.