Uratibu wa takwimu za utandawazi wa uchumi

Uratibu wa takwimu za utandawazi wa uchumi ni makubaliano ya mashirika ya kimataifa kuhusu nini kihesabiwe pale bidhaa, huduma au mtaji unapovuka mpaka wa nchi, nani akihesabu, na kwa bei ipi. Hakuna shirika moja linalotawala kazi yote. Orodha ya namba za bidhaa iko mikononi mwa Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels. Urari wa malipo ya nje husimamiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, nazo kanuni za takwimu za biashara ya bidhaa hupitishwa na Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, inayokutana kila mwaka New York. Mashirika hayo hutunga kanuni na kujumlisha. Wanaohesabu ni watumishi wa nchi zenyewe. Kwa Tanzania, nyaraka za forodha hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, urari wa malipo huandaliwa na Benki Kuu, na pato la taifa hukokotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Zanzibar ina Ofisi yake ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali.

Sekenke, katika wilaya ya Iramba mkoani Singida, inafaa kuwa mfano wa kazi hiyo kwa sababu mbili. Pana dhahabu inayochimbwa na wachimbaji wadogo, na pana mlima unaoteremkwa na malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Dhahabu inapaswa kuhesabiwa na mara nyingine haihesabiwi, ilhali shehena za malori hayo hupita mbele ya macho ya kila mtu na kwa makusudi haziingizwi katika hesabu ya biashara ya Tanzania.

Chimbuko

Sekenke ndiko ulikofunguliwa mgodi wa kwanza wa dhahabu katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, mwaka 1909. Wakati huo kila dola lilipanga bidhaa zake kwa mafungu liliyoyataka, na majedwali ya nchi mbili hayakulingana. Desemba 1913 mkutano uliofanyika Brussels ulipitisha orodha ya pamoja ya mafungu 186 ya bidhaa, lakini kabla haijazoeleka vita ikazuka. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamefungiwa njia ya bahari, walitumia dhahabu ya Sekenke kupiga sarafu za rupia 15 huko Tabora. Zilitoka sarafu 16,198, zenye picha ya tembo. Dhahabu iliyoishia humo haikuvuka mpaka, kwa hiyo kwa kanuni za leo isingeonekana popote katika takwimu za biashara ya nje.

Baada ya vita, Shirikisho la Mataifa lilisimamia mkataba wa takwimu za uchumi uliotiwa saini Geneva mwaka 1928. IMF ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa urari wa malipo mwaka 1948, na Umoja wa Mataifa mfumo wa kwanza wa hesabu za taifa mwaka 1953. Hatua kubwa zaidi kwa forodha ilikuja tarehe 1 Januari 1988, ulipoanza kutumika mfumo wa namba za bidhaa ujulikanao kwa kifupi kama HS. Tarakimu sita za mwanzo za namba hiyo ni zilezile duniani kote. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili zake zikawa nane. Wakala wa forodha wa Dar es Salaam na mwenzake wa Zürich huandika dhahabu ghafi isiyo ya unga kwa namba moja, 7108.12, hata kama hawana lugha moja wanayoielewa.

Mizigo inayopita

Mlima Sekenke ni ukingo wa uwanda wa juu wa Iramba. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida huteremka hapo kwa kona kali hadi Shelui, ikavuka bonde la Wembere kwenda Igunga na Nzega, kisha ikaelekea mipaka ya Rusumo na Kabanga. Humo hupita malori yaliyofungwa lakiri za TRA, na magari ya IT, yaani magari ya mtumba yanayoendeshwa yenyewe kutoka bandarini hadi nchi jirani.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2010 unaagiza kuhesabiwa kwa bidhaa zinazoongeza au kupunguza mali iliyomo nchini. Kinachopita njia tu hakimo. Gari la IT lililotoka Japani litahesabiwa Japani kuwa limeuzwa nje na Rwanda kuwa limeagizwa. Katika biashara ya bidhaa ya Tanzania ni kama halikupita. Kinachobaki Tanzania ni huduma. Nauli anayolipwa msafirishaji wa Kitanzania na mwenye mzigo wa Kigali ni mauzo ya huduma nje ya nchi. Hata wali anaokula dereva Mnyarwanda kwenye mgahawa wa Misigiri, kabla ya kuteremka mlima, huhesabiwa na kanuni za IMF katika kifungu cha safari, pamoja na matumizi ya watalii wa Serengeti. Bila shaka hakuna anayekusanya stakabadhi za wali. Fungu hilo hukadiriwa kwa sampuli na mahojiano ya wasafiri mipakani.

Tangu mwaka 2014 nchi za Jumuiya zimekuwa zikitekeleza Himaya Moja ya Forodha, ambamo kodi ya mzigo wa Rwanda hukadiriwa na kulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini. Wasafirishaji walinufaika, ila nyaraka za mpakani, ambazo ndizo malighafi ya mtakwimu, zikapungua uzito. Umoja wa Ulaya ulikutana na tatizo hilo mwaka 1993 ulipoondoa nyaraka za forodha kati ya wanachama wake, ukalazimika kuyataka makampuni yenyewe yatoe taarifa kila mwezi.

Dhahabu

Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Sekenke huanzia kwenye duara, shimo linalofuata mwamba. Mawe hupandishwa kwa viroba, husagwa kwenye karasha, unga ukaoshwa kwenye mwalo na kukamatwa kwa zebaki, kisha zebaki ikachomwa. Kinachobaki ni kipande kinachotosha kiganjani, na marudio ambayo watu wengine huyanunua ili wayachenjue upya. Hadi hapo hakuna karatasi yoyote ya takwimu. Ya kwanza hupatikana kipande kinapofikishwa kwenye soko la madini au kituo cha ununuzi, ambako hupimwa uzito na usafi, hukadiriwa kwa bei ya soko la dunia, na hutozwa mrabaha na ada ya ukaguzi. Masoko hayo yalianzishwa mwaka 2019, la kwanza likiwa Geita. Kabla yake kipande kile kingeweza kupita mikono ya broka watatu na kutokomea bila kuandikwa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, masoko hayo yamesaidia takwimu za nje za Tanzania kuliko mwongozo wowote uliochapishwa Washington.

Dhahabu ikiuzwa nje huhesabiwa kuwa bidhaa, nayo ndiyo inayoongoza mauzo ya bidhaa za Tanzania, kwa zaidi ya dola bilioni 3 za Marekani kwa mwaka. Ikinunuliwa na Benki Kuu mambo hubadilika. Tangu Oktoba 2024 wauzaji wa dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kusafishwa nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu. Ikifikia usafi wa sehemu 995 kwa 1,000 na kuwekwa katika akiba ya taifa, kanuni za IMF huiita dhahabu ya kifedha. Hiyo si bidhaa tena. Haiingii katika mauzo ya nje, bali huhamishwa daraja na kuonekana katika akiba ya fedha za kigeni. Mauzo ya dhahabu nje yanaweza basi kupungua katika majedwali bila karasha hata moja kusimama, na msomaji asiyejua kanuni hiyo atadhani uzalishaji umeshuka.

Thamani nayo huleta ubishi. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, mchanga wenye dhahabu, shaba na madini mengine ambao bado haujasafishwa. Kamati iliyochunguza makontena 277 yaliyokuwa bandarini Dar es Salaam ilisema dhahabu iliyomo ilizidi sana iliyotangazwa na kampuni ya uchimbaji ya Acacia, kampuni ikakanusha. Kanuni za kimataifa zinasema bidhaa ithaminiwe kwa bei ya mpakani, lakini hazina namna ya kumaliza mabishano kati ya vipimo viwili vya maabara.

Kioo cha takwimu

Njia ya kawaida ya kukagua ni kulinganisha mauzo yaliyoandikwa na nchi moja na maagizo yaliyoandikwa na nyingine, katika hazina ya Umoja wa Mataifa iitwayo Comtrade. Tofauti hazikosekani. Mwagizaji hujumlisha bima na nauli, muuzaji hajumlishi. Shehena iliyoondoka Desemba hufika Januari. Dhahabu iliyopelekwa kusafishwa Afrika Kusini huandikwa Tanzania kuwa imekwenda huko, wakati mnunuzi wa mwisho yuko kwingine. Halafu kuna magendo, ambayo huonekana upande mmoja tu.

Kuchanganya sababu hizo ni hatari. Mwaka 2016 utafiti uliotolewa na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, ulidai kuwa dhahabu ya Afrika Kusini yenye thamani ya dola bilioni 78 haikutangazwa kati ya 2000 na 2014. Wakosoaji walionyesha kuwa Afrika Kusini haikuwa imegawa mauzo hayo kwa nchi moja moja katika taarifa zake za Comtrade. Dhahabu iliandikwa, ila mahali pengine. Uswisi, msafishaji mkubwa wa dhahabu duniani, nayo haikurudia kuchapisha takwimu za dhahabu kwa kila nchi hadi mwaka 2014.

Mtaji na vyombo vya uratibu

Uwekezaji huhesabiwa kuwa wa moja kwa moja mwekezaji wa nje anapokuwa na angalau asilimia 10 ya kura katika kampuni. Ugumu ni uraia wake. Acacia ilisajiliwa London, lakini karibu asilimia 64 ya hisa zake zilikuwa za Barrick ya Kanada. Uchunguzi wa uwekezaji ambao IMF imekuwa ikiuratibu tangu 2009 hufuata mmiliki wa hatua ya kwanza, si wa mwisho, na ndiyo maana nchi ndogo zenye kodi nafuu huonekana kuwa wawekezaji wakubwa Afrika.

Ili miongozo isigongane, Umoja wa Mataifa, IMF, Benki ya Dunia, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) na ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya huandaa kwa pamoja mfumo wa hesabu za taifa. Mwaka 2001 mashirika saba yalianzisha mpango wa lugha moja ya kubadilishana data kwa kompyuta, na kamati ya kuratibu shughuli za takwimu iliundwa mwaka 2002. OECD na Shirika la Biashara Duniani zilizindua mwaka 2013 takwimu zinazotenganisha thamani iliyoongezwa katika kila nchi, ili simu iliyounganishwa China isihesabiwe yote kuwa jasho la China.

Shinikizo nalo hutumika. Tanzania ilipobadili Sheria ya Takwimu mwaka 2018 na kuweka adhabu kwa wanaochapisha takwimu zinazopingana na za serikali, Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 sheria ikalegezwa. Mfumo mpya wa hesabu za taifa uliidhinishwa na Kamisheni ya Takwimu Machi 2025, sambamba na toleo la saba la mwongozo wa urari wa malipo, na nchi zinatarajiwa kuvitumia kuanzia mwaka 2029 au 2030.