Nauli Alilipa Nani?

Usiku mmoja wa Agosti 1866, binti wa Sultan alishuka pwani ya Unguja kwa siri na kupanda manowari ya Waingereza iliyoitwa Highflyer. Salme bint Said alikuwa mjamzito, na baba wa mtoto alikuwa jirani yake, mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete. Manowari ilimfikisha Aden bila kumdai senti. Huko alibatizwa, akaitwa Emily, akafunga ndoa mwaka 1867, kisha akaandamana na mumewe hadi Hamburg. Miaka mitatu baadaye Ruete alifariki katika ajali ya tramu, na mjane akabaki na watoto watatu katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza.

Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Anayekifungua kitabu hicho akitaraji kusoma habari za baridi ya Hamburg, kwa sehemu kubwa atajikuta yupo Mtoni, kwenye ua wa jumba la Sultan Said, mahali alipozaliwa Salme. Tausi, paa na mbuni wanazurura humo. Watu wanaingia na kutoka hamamu. Masuria na watoto wao wanasemeshana kwa lugha zaidi ya moja, na mwandishi anaeleza nani hukaa wapi wakati wa kula kana kwamba meza imeandaliwa mbele yake.

Habari za maisha ya Ujerumani nazo aliziandika, kwa mtindo wa barua ndefu. Hizo zilingoja hadi mwaka 1993 ndipo zikachapishwa, karibu miaka 70 baada ya kifo chake. Si vigumu kukisia sababu. Ulaya ya wakati ule ilikuwa na hamu ya kuchungulia ndani ya nyumba ya Sultan, lakini haikuwa na haja kubwa ya mgeni wa kuichungulia yenyewe.

Historia ya waandishi wa Afrika Mashariki waliovuka bahari inaanza hivyo, kwa mtu aliyekwenda mbali akaandika habari za nyumbani. Kwa miaka mingi wasomi wamejadili kama ugeni humpa mwandishi macho mapya. Pengine lingeulizwa kwanza swali la kawaida zaidi, la stendi na bandarini: nauli alilipa nani? Jibu lake mara nyingi limeamua mwandishi aelekeze macho wapi, na nani amsome.

Mfano mzuri ni Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija. Yeye alisafiri kama mtumishi wa Theodor Bumiller, Mjerumani aliyekuwa msaidizi wa ofisa wa kikoloni Hermann von Wissmann. Alikwenda na bwana wake hadi Ziwa Nyasa katika msafara uliobeba meli iliyofunguliwa vipande vipande. Baadaye, mwaka 1896, bwana huyohuyo alimchukua safari iliyokuwa ndefu zaidi: Urusi, Siberia, kisha nchi za Asia ya Kati.

Selim akaandika. Safari hizo mbili zimo katika kitabu alichokusanya Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani Dar es Salaam kabla ya kuwa mwalimu wa Kiswahili Berlin. Kitabu kilitoka mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli. Ndani yake wamo pia wasafiri wengine wa pwani waliosimulia njia za bara, pamoja na habari za mahongo, wapagazi, njaa na machifu wenye kuzuia msafara. Lakini ni Selim peke yake aliyewageuzia Wazungu kibao. Hapa Mwafrika anawapita watu wa nchi za baridi akitazama chakula chao, mavazi yao na dini yao, halafu anawapelekea habari wasomaji wa Kiswahili. Mbali kabisa na bahari yake anawakuta Waislamu wenzake, nao hawakosi nafasi katika maelezo yake.

Hata hivyo, hakuchagua njia. Bwana alipotaka kusimama walisimama, na alipotaka kuondoka waliondoka. Si ajabu kwamba simulizi yake inakwenda kwa mwendo wa msafara, kituo hadi kituo.

Mwenzake katika kitabu hicho, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alipata safari ya aina nyingine. Huyu alikuwa msomi wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, ambako wanafunzi wengi walikuwa wakiandaliwa kwenda kutawala nchi ya kwao Mtoro. Kutokana na kazi yake na ya wenzake, Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli mwaka 1903. Mtu anayetaka kujua jinsi mtoto alivyopewa jina pwani mwishoni mwa karne ya 19, harusi zilivyoendeshwa, pepo walivyopungwa na maiti walivyozikwa, bado anaanzia hapo. Kitabu kinaeleza mambo ambayo mtu wa Bagamoyo asingehitaji kuelezwa. Msomaji aliyekusudiwa ni mgeni, tena mgeni mwenye mamlaka.

Mtoro alioa Berlin mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wawili hao walipanda meli kurudi Afrika Mashariki, lakini wenye mamlaka wa koloni hawakukubali washuke pamoja kama mke na mume. Walirudi Ujerumani, na Mtoro hakuiona tena Bagamoyo. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Baada ya uhuru, nauli zilianza kulipwa na vyuo vikuu. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alikuwa tayari mwandishi mashuhuri, mwenye riwaya za Rosa Mistika na Kichwamaji, alipokwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani kusomea shahada ya uzamivu katika miaka ya 1980. Aliporudi alitoa Nagona na Mzingile, riwaya fupi ambazo ziliwatoa jasho wasomaji waliozoea hadithi inayokwenda mbele kwa mbele. Kusema Wisconsin ndiyo iliyozizaa ni kurahisisha mambo, maana ndani yake mna mapokeo mengi ya Kiafrika. Lakini falsafa aliyoisoma huko imo, na haikujificha. Said Ahmed Mohamed naye, Mpemba, alifundisha Osaka nchini Japani na Bayreuth nchini Ujerumani kwa miaka mingi, na riwaya zake zikaendelea kutoka kwa Kiswahili, kwa wasomaji wa Kiswahili.

Kisha kuna mtu aliyeondoka bila bwana, bila chuo cha kumwalika wala manowari ya kumngoja. Abdulrazak Gurnah aliiacha Zanzibar akiwa na umri wa miaka 18, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akaingia Uingereza. Huko alisoma, na kwa muda alifanya kazi ya mhudumu hospitalini. Kazi hiyo alimpa Daud, mhusika mkuu wa riwaya yake ya pili, Pilgrims Way, ya mwaka 1988. Gurnah ameeleza kwamba alianza kuandika akiwa katika upweke wa miaka ile ya mwanzo, akiwa na nyumbani kichwani zaidi ya Uingereza iliyomzunguka.

Hakuweza kurudi kwao hadi mwaka 1984. Katika ziara hiyo alimwona baba yake, mzee sasa, akivuka njia kwenda msikitini. Gurnah akaanza kuwaza: mzee huyu alikuwa mtoto wakati Wazungu ndio kwanza wanatawala, aliuonaje ulimwengu ule? Swali hilo ndilo lililozaa Paradise, riwaya ya mwaka 1994 iliyofika orodha fupi ya tuzo ya Booker. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake, halafu anafuata msafara wa biashara hadi ng'ambo ya ziwa.

Hapo ndipo Selim anaporudi mlangoni. Watafiti wameonyesha kwamba Gurnah alichota kutoka katika simulizi zile zilizokusanywa na Velten. Ndani ya Paradise hata ile safari ya kwenda kwa Warusi inasimuliwa. Mzanzibari aliyekaa Canterbury alihitaji maandishi ya Kiswahili yaliyochapwa Ujerumani ili ajenge upya bara la enzi ya babu zake.

By the Sea, ya mwaka 2001, inaanza uwanja wa ndege wa Gatwick. Saleh Omar, mzee anayeomba hifadhi, ana paspoti ya jina lisilo lake na kijaluba cha udi. Ofisa wa uhamiaji anakifungua, ananusa, na mwishowe anakichukua. Msomaji wa pwani, ambaye anajua udi hufukizwa lini na kwa nani, anaelewa hasara hiyo kabla mwandishi hajamweleza lolote.

Tuzo ya Nobel ilipotangazwa kwenda kwa Gurnah Oktoba 2021, wengi Zanzibar na Bara hawakuwa wamemsoma, kwa kuwa vitabu vyake vilikuwa kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikatoa Peponi, yaani Paradise kwa Kiswahili. Mfasiri wake ni Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS, London.

Katika riwaya yake ya mwaka 2025, Theft, Gurnah amewaacha wahusika wake wakuu nyumbani, kati ya Dar es Salaam na Zanzibar. Safari za ndege zimo, ila abiria wamebadilika. Ni watalii, na vijana wa Ulaya wanaokuja kujitolea kwa miezi michache. Badar, kijana aliyelelewa kama mtumishi, anafanya kazi hotelini Zanzibar. Safari hii nauli wamelipa wageni, na yeye ndiye anayewatazama.