Upupu, karafuu na mtetemeko wa wazee

Aprili 11, siku aliyozaliwa James Parkinson mwaka 1755, dunia hukumbuka ugonjwa ambao daktari huyo wa London aliueleza mwaka 1817. Kwetu, tangu Unguja hadi Ziba wilayani Igunga, anayetetemeka mikono hakosi wa kumsifia mafuta ya karafuu au ya habasoda. Mimea haistahili dharau katika jambo hili. Ila historia ya tiba ya Parkinson inaelekeza kwenye mbegu, si kwenye chupa ya mafuta.

Mwaka 1913 mkemia Marcus Guggenheim wa Basel, Uswisi, alitoa levodopa, dopa ambayo leo ndiyo dawa kuu ya Parkinson, kwenye aina ya maharage makubwa, akameza gramu mbili na nusu, akatapika vibaya. Dunia ikaiona haina kazi. Mwaka 1937 Wahindi wakaikuta kwenye upupu, mmea unaojulikana kwetu kwa kuwasha tu. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwalegeza sungura kwa reserpini, dawa itokanayo na mmea pia, kisha akawainua kwa dopa. Alipoyapeleka hayo London mwaka 1960, wakubwa wa fani walimbeza. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Henry Dale, mshindi wa Nobel, aliiita dopa sumu. Mwaka 1967 George Cotzias, huko New York, alionyesha kwamba dozi ikipandishwa polepole wagonjwa wanasimama na kutembea. Carlsson alipata Nobel yake mwaka 2000. Dawa ilikuwa ileile. Kilichokosekana tangu kwa Guggenheim ni kipimo.

Mafuta hayajafika huko. Eujenoli ya karafuu imepunguza madhara kwenye ubongo wa panya wa maabara, na kiini cha habasoda kimeleta matumaini ya namna hiyo. Panya si mzee wa Igunga. Wapo watakaosema vidonge vya levodopa ni ghali na havipatikani kijijini, na hoja hiyo ina uzito: wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta wagonjwa 33 miongoni mwa watu wapatao 161,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa, sembuse kupewa vidonge. Lakini hata upupu wenyewe una masharti. Bolivia, unga wake uliopimwa ulisaidia wagonjwa 18 karibu sawa na kidonge mwaka 2017. Katika jaribio refu zaidi, nusu ya wagonjwa 14 waliacha, wengine kwa tumbo kuchafuka, wengine kwa hali kuzidi kuwa mbaya. Ikiwa mbegu yenye levodopa halisi inasumbua hivyo, mafuta yasiyo nayo yanauzwa kwa ushahidi gani?

Aibu ni yetu pia, maana upupu tunaufyeka bila kuuchunguza. Watafiti wetu wa tiba asili waupime hapa nyumbani. Mpaka hapo, mwenye mzazi anayetetemeka ampeleke hospitali mapema, na asimwachishe kidonge kwa sababu ya chupa.