Buruji kwenye Fremu, Shaba Mlimani

Katika insha hii najadili fremu za chuma na shaba zinazozunguka vioo vya ukutani, hasa zile zenye picha za nge, mizani, simba na samaki. Nimeziona zikiuzwa Kasese na sokoni Mpondwe, karibu na Bwera. Wengi huzinunua kama pambo tu. Mimi naona ndani yake historia mbili: ya picha na ya madini.

Kwanza, picha. Hizo ni buruji, yaani mafungu 12 ya nyota ambamo jua huonekana likipita kila mwaka. Wababeli waliligawa anga hivyo, Wagiriki wakatia visa vya miungu na mashujaa wao, Waarabu wakayapa mafungu hayo majina ya lugha yao. Kutoka kwao Waswahili wa pwani wakapokea Hamali, Asadi, Akarabu na mengine. Tayari katika karne ya 13, mafundi wa nchi za Kiislamu walichora buruji kwenye vioo vya shaba iliyong'arishwa.

Je, zinatuhusu sisi wa Kasese? Zinatuhusu. Hesabu ya buruji huanzia Hamali, jua linapovuka ikweta karibu na tarehe 21 Machi. Ikweta hiyo hupita katika wilaya yetu. Siku hizo, jua la utosi likifika, aliyesimama juu ya mstari huo karibu hana kivuli.

Pili, madini. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilichimbwa hapa, ikayeyushwa Jinja, kisha ikasafirishwa ng'ambo kupitia Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulikuwa umesimama. Mlima ulitoa shaba kwa miaka zaidi ya 20, lakini mapambo ya shaba bado tunanunua yaliyotoka kwingine.

Hasara ninayoiona ni hii: sijaona fremu hata moja yenye kisa cha Kithasamba, ambaye Wakonzo humhusisha na theluji ya Rwenzori. Sisemi tuzitupe buruji. Kila taifa lililozipokea liliongeza lake. Mafundi wetu wa kuchomelea huweka maua na nyota kwenye mageti na madirisha kila siku. Wakiuweka mlima na theluji yake kando ya nge na simba, watakuwa wamefanya walichofanya Wagiriki.