Roboti inayomsaidia mtoto kucheza na wenzake

MCHEZO si anasa kwa mtoto. Ni kwa kucheza ambapo hujifunza kungoja zamu, kuiga, kubuni na kuelewana na wenzake. Ndiposa Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, katika kifungu cha 31, unautambua mchezo kuwa haki ya kila mtoto.

Hata hivyo, wapo watoto wasioifaidi haki hiyo. Mtoto asiyeweza kuinua mkono hubaki mtazamaji tu wenzake wanapocheza. Naye mwenye usonji huenda akatatizika kuusoma uso wa binadamu, kwa kuwa hubadilika kila mara.

Ni tatizo hili la pili lililowashughulisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, walipoanza kuunda roboti iitwayo Kaspar mwaka wa 2005. Kaspar ana kimo cha mtoto mdogo, na uso wake wa mpira laini umefanywa sahili makusudi. Hufumba na kufumbua macho, hutabasamu, na hugeuza kichwa. Mtoto hupata ishara chache anazoweza kuzifuata, tena zinazorudiwa kwa namna ile ile bila kuchoka.

Mwilini mwake mna vitambuzi vya mguso. Akitekenywa huonyesha furaha. Akipigwa hulalamika kwamba ameumia na kuufunika uso wake. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza kupambanua kugusa kwa upole na kuumiza, pasi na mwenzake kudhurika. Mwalimu humwongoza Kaspar kwa rimoti, na wakati mwingine humkabidhi mtoto rimoti hiyo ili acheze na mwenzake: mmoja huiongoza roboti, mwingine huiga inavyofanya, kisha hubadilishana zamu.

Mradi mwingine, IROMEC, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka wa 2006 hadi 2009, ulipanua wigo huo. Uliwalenga watoto wenye usonji, wenye ulemavu mdogo wa akili, na wenye ulemavu mkubwa wa viungo. Walimu, wazazi na matabibu walishirikishwa kubainisha michezo inayofaa, nayo roboti ikaundwa kuitumikia michezo hiyo.

Hapo ndipo penye funzo kuu kwa anayebuni vifaa vya aina hii. Kuna hatari ya mtoto kuizoea mashine hadi akawasahau watu, na hivyo upweke wake ukazidi. Roboti haikukusudiwa kuchukua nafasi ya mzazi, mwalimu wala rafiki. Ni daraja la kumfikisha kwao. Kwa hivyo, ufanisi wake haupimwi kwa muda ambao mtoto ameikodolea macho, bali kwa ile dakika anapoiacha, akamgeukia aliye kando yake na kumshirikisha furaha yake.